Huduma ya chama cha wafanyakazi kwa viongozi wa tawi: kwa nini nimejiuzulu

Kwa miaka mitatu nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na mwezi uliopita nimejiuzulu. Tathmini hii nawaandikia wanachama wanaokatwa ada kila mwezi, kwani wana haki ya kujua wanachopata.

Makato hayakuchelewa hata mara moja. Msaada ndio uliochelewa. Alipoachishwa kazi mama mmoja wa meza ya kukata minofu, ambaye vidole vyake vya mkono wa kushoto vimejaa makovu ya kisu, nilipiga simu ofisi ya kanda siku hiyo hiyo, kwa kuwa mgogoro wa kuachishwa kazi hupaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Niliahidiwa ofisa mara mbili, hakufika. Siku ya 28 tulijaza fomu wawili sisi, usiku, sare yangu ingali imelowa maji ya barafu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwakilishi muda wenye malipo wa kuwashughulikia wenzake. Msimamizi aliponinyima muda huo, hakuna aliyekuja kunitetea. Kwa haki niseme kwamba mafunzo ya mwanzo, yaliyofanyika Nyegezi, yalikuwa mazuri mno.

Uanachama sijaufuta. Barua yangu ya kujiuzulu nayo haijajibiwa.