Baiskeli ya mtoto wa miaka 10 mpaka 13: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Likizo ikikaribia wazazi wanaanza kuulizia baiskeli na swali la kwanza huwa "ina gia ngapi?" Jamani gia ziache kwanza, anza na urefu wa mtoto. Saizi wanayotaja wauzaji ni ya tairi kwa inchi: 20 inamfaa mtoto wa kama sm 115 hadi 135, 24 ni sm 130 hadi 150 hivi, akishapita hapo ndo 26. Ila nenda nae, asimame katikati ya siti na usukani nyayo zote chini, kati ya msamba wake na lile bomba la juu la fremu ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Kumnunulia kubwa eti atakua nayo naomba msifanye kabisa, maana bodaboda akichomoka kwenye kona mtoto asiyefika chini anaanguka nayo.

Namba moja kwangu ni mtumba wa saizi 24, zile za maunteni za kawaida, bila shokapu au yenye shokapu za mbele tu, gia sita au saba za nyuma zinatosha sana. Nyingi zilitengenezwa vizuri kuliko mpya za bei hiyo hiyo, na spea kila fundi anazo. Ukipata ya alumini chukua, ni nyepesi na haioti kutu (beba kasumaku kadogo, kakikataa kunata kwenye fremu ujue si chuma). Halafu ikague: inua gurudumu lizungushe uangalie kama rimu inayumba, shika breki ya mbele uisukume baiskeli, ukisikia usukani unagonga kwa ndani kuna bearingi imelegea au imekwisha, na pitisha kidole kwenye maungio ya fremu kutafuta ufa au sehemu iliyochomelewa upya. Mtoto mwenyewe aminye breki, vidole vyake vikishindwa kuifikia mwambie fundi aisogeze, ni skrubu ndogo tu. Na muulize fundi breki ya mbele iko mkono gani, kwenye za Japani kawaida ni kulia, za Ulaya bara mara nyingi kushoto, na mtoto lazima ajue kabla hajatoka getini.

Ya pili ni zile za Kijapani zenye kikapu mbele. Watoto wa kiume wengine wanazikataa wanasema za kike, lakini kwa kwenda shule na kutumwa dukani hakuna inayozifikia: bomba liko chini kupanda ni rahisi, ina madigadi sketi haichafuki, stendi, taa ya dinamo, mara nyingi na kufuli lake. Ubaya ni nzito kwenye kilima, na vali zake za asili si kama za gari kwahiyo pampu ya sheli haiingii moja kwa moja, nunua ya mkono.

BMX ni ya tatu. Ngumu, haina vitu vingi vya kuharibika, kwa kucheza mtaani safi. Ila ni saizi 20 na gia moja, akiwa na safari ya kilomita tano kwenda shule atachoka na magoti yatakuwa yanapanda mpaka kifuani.

Nne, zile mpya zinazong'aa zenye shokapu mbele na nyuma. Hizi ndo watoto wanazililia na ndo zinaniuma zaidi, kwa sababu shokapu za bei rahisi zinaongeza uzito tu, nguvu ya pedeli inaishia kwenye kudunda, baada ya muda zinaanza kupiga kelele na kuzitengeneza ni shida.

Mwisho kabisa ni Phoenix ya saizi 28. Kwa mtu mzima anayebeba mzigo ni baiskeli ya heshima, ila mtoto wa miaka 10 inabidi apitishe mguu ndani ya fremu apige pedeli kwa ubavu, hapo hana balansi na breki haifikii vizuri. Asubiri arefuke.

Kwenye bajeti tenga kabisa hela ya helmeti, kufuli na tyubu moja ya akiba, na mtumba wowote ubadilishie raba za breki siku hiyo hiyo hata kama muuzaji anakwambia bado nzima.