Nimezamia Ziwa Tanganyika: nyota nne kwa samaki, mbili kwa huduma

Ukimwambia mtu umekwenda kupiga mbizi Kigoma, hakuulizi habari za samaki. Anauliza mamba. Wapo, hasa kwenye matete na midomo ya mito, na ndiyo maana huko hakuzamiwi. Sisi tulizamia kwenye pwani ya mawe, maji maangavu, na kwanza tuliwauliza wavuvi wa pale. Neno lao ndilo nililoliamini.

Anayetaka matumbawe na kasa abaki baharini, visiwa vya Mafia au Mnemba. Huku chini ni miamba, mchanga na mwani, basi. Lakini ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani kwingine popote duniani. Hawakimbii ovyo, kila mmoja ana jiwe lake na anakutolea macho ukilikaribia.

Kuna dume mmoja anayekusanya makombe matupu ya konokono, anayabeba kwa mdomo na kuyarundika mchangani. Majike, wadogo mno kwake, huingia humo kutaga. Yeye hatoshei, kwa hiyo anabaki nje kulinda na kumfukuza kila apitaye, kama mwenye nyumba za kupangisha. Wakati mwingine dume jirani huja kumwibia makombe. Nililala kifudifudi nikiwatazama hadi mwongozaji akaja kunigonga mtungi wa hewa.

Chini ya jiwe tuliwakuta pia kambare wadogo wenye madoa meusi. Tulipopanda boti, mwongozaji, ambaye zamani alikuwa akivua samaki wa mapambo wa kuuzwa nje, akanipa kisa chao. Samaki wengi hapa hulea mayai mdomoni. Kambare huyu hupenyeza yake wakati mmoja wa samaki hao anataga, mama wa watu anayaokota yote, na vifaranga vya kambare vikianguliwa vinawala watoto wa mwenyeji humo humo mdomoni. Kwa simulizi hilo peke yake nilimsamehe mengi.

Mengi, si yote. Suti za mpira zilikuwa zimetoboka magotini na vinyago vya kuzamia vilivuja. Kubwa zaidi ni usalama. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na taratibu za kina, muda na kupanda hazifanani na za baharini. Kompyuta ya mzamiaji, ile ya mkononi inayomhesabia kina na muda, kama haijirekebishi yenyewe lazima upange mwinuko kabla ya kuzama. Maelezo ya asubuhi hayakugusa jambo hilo. Nilipouliza nikajibiwa, "Maji ni maji, dada." Hapana, kaka, na chumba cha shinikizo, anakotibiwa mzamiaji aliyepanda juu haraka mno, kiko mbali mno na Kigoma. Vipande vya risasi vya mkandani, vya kukusaidia kuzama, kwa haki yao, walivipunguza vizuri, maana maji yasiyo na chumvi hayakuinui kama ya bahari.

Mkitaka kwenda: nendeni mkiwa tayari na cheti cha kupiga mbizi na uzoefu wa baharini, bebeni kinyago chenu, na mbizi ya mwisho iwe siku moja kabla ya ndege. Mvua kubwa ikinyesha, kaeni mbali na upande wa mto Luiche, kunakuwa tope. Na kichocho kipo ziwani, kwa hiyo baada ya miezi miwili au mitatu kapimeni hata kama hamuumwi.