Terra Nil: mchezo wa kuhuisha ardhi

Katika michezo mingi ya video ya kujenga miji, mti ni kizuizi cha kung'oa. Terra Nil, iliyotengenezwa na studio ya Free Lives ya Cape Town na kutolewa 2023, inakupa ardhi iliyokufa uihuishe. Simika mtambo wa upepo juu ya mwamba, jirani yake kisafisha sumu, kisha kinyunyizio kwenye udongo uliosafishwa. Matumizi hulipwa kwa majani, ambayo ndiyo sarafu ya mchezo, na hapa ndipo wengi hukwama: wanabananisha vinyunyizio, maeneo yanaingiliana, akiba inakwisha kabla nyasi hazijatanda. Vitawanye. Baadaye unachoma uoto makusudi ili majivu yaoteshe msitu. Hatua ya mwisho ndiyo bora kabisa: unabomoa na kuondoa kila mtambo uliousimika. Kasoro yake ni ufupi.