Cliveden House: Majumba Matatu, Baraza Moja

Habari zenu watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko Cliveden, Buckinghamshire, magharibi mwa London: hoteli ya kifahari juu ya mteremko wa mawe ya chokaa unaoutazama Mto Thames. Vitanda, taulo, kifungua kinywa, masaji, hayo yamejaa mtandaoni, siyagusi. Leo nina ugomvi mmoja. Kila anayerekodi hapa anasimama mbele ya jumba na kutangaza, "hili limejengwa 1666." Si kweli! Jumba mnaloliona ni la 1851. Cha 1666 kiko chini yake, na watu wanakikanyaga tu wakitafuta pa kupiga picha.

Twendeni upande wa kusini. Tunashuka ngazi, tunaelekea bustanini, hatugeuki kwanza... Haya, sasa geukeni. Mnaona ukuta huu wa matofali wenye matao? Urefu wake ni futi 400, yaani kama mita 120, na kimo futi 20. Msifikirie kibaraza cha kukalia jioni. Hili ni baraza la kubebea jumba zima. Aliyeanza kujenga hapa ni George Villiers, Duke wa pili wa Buckingham, na msanifu wake alikuwa William Winde.

Jumba lake liliungua 1795. Mwaka 1824 likasimamishwa la pili, la msanifu William Burn. Nalo likaungua, 1849. Baraza halikwenda popote, kwa sababu ni matofali na chokaa, wakati jumba lina sakafu za mbao, maboriti ya paa, mapazia, vyote chakula cha moto. Ndipo Charles Barry, yuleyule aliyesanifu Bunge la Uingereza, akaweka jumba la tatu palepale kwa ajili ya Duke wa Sutherland.

Sogeza kamera juu kidogo. Huo ukuta wa rangi ya maziwa mnaoudhani jiwe ni matofali yaliyopigwa lipu ya saruji ya Kirumi (jina tu la saruji ya enzi zile, si ya Warumi wenyewe), na mapambo mengi, vichwa vya nguzo kwa mfano, ni udongo wa kuchoma. Mtu akibisha kuhusu mwaka, mpelekeni upande wa magharibi, aangalie chini ya paa. Kuna maandishi ya Kilatini yanayozunguka jumba pande zote nne, yaliyotungwa na Gladstone, ambaye baadaye akawa waziri mkuu. Hapo atafute jina la Barry na herufi MDCCCLI. Hiyo ni 1851. Ubishi umekwisha.

Adui wa baraza kama hili ni maji. Juu pametandazwa mawe, na mvua inapenya kwenye viungio. Ikishaingia inalainisha chokaa, kisha baridi inaigandisha, inatanuka, na tofali linapasuka. Ukiziba nyufa kwa saruji ngumu ya kisasa unaongeza ugonjwa: maji yanakosa njia ya kutokea, uso wa tofali unabanduka kama ganda. Dawa ni kuzuia maji yasiingie juu, halafu kuziba viungio kwa chokaa laini kuliko tofali lenyewe.

Nikiwa bado hapa chini, tazameni ule ukingo wa mawe. William Waldorf Astor, tajiri wa Kimarekani aliyelinunua Cliveden 1893, aliununua kutoka Villa Borghese, Roma, ukaletwa hapa. Mwaka 2004 wakagunduliwa konokono wadogo wa nchi za Mediterania wakiishi kwenye mawe yake, inaaminika walisafiri nayo. Hata mbao za nakshi za chumba kimoja cha kulia zilitoka Château d'Asnières, karibu na Paris. Huyo bwana alinunua!

Mwanawe Waldorf na mkewe Nancy walipewa jumba 1906. Nancy ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Bunge la Uingereza, 1919. Na ndiyo, bwawa la kuogelea ambapo waziri wa vita John Profumo alikutana na Christine Keeler Julai 1961, uhusiano uliozua kashfa kubwa ya kisiasa Uingereza, lipo, na ndilo linalopigwa picha kuliko baraza. Hilo linaniuma kweli.

Mwenye mali sasa? Si hoteli. Familia ya Astor ililikabidhi kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kihistoria, 1942 pamoja na pauni 250,000 za matunzo, ikaendelea kuishi hapa hadi miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kikapanga, halafu ndiyo hoteli. Hoteli ni mpangaji, kwa hiyo mchana bustani ina watalii wenye tiketi zao. Mkilala hapa, tokeni asubuhi kabla geti la bustani halijafunguliwa, au jioni likishafungwa. Mkiomba chumba, semeni kabisa "upande wa kusini". Msiposema mnaweza kupewa kinachotazama uani.

Mnaniuliza kuhusu Hartwell House, hoteli nyingine ya jumba la kihistoria, humuhumu Buckinghamshire? Louis wa 18 wa Ufaransa aliishi pale uhamishoni, 1809 hadi 1814. Nilikuwa naelekea kusema Hartwell ni bora kwa historia, lakini nikilitazama tena baraza hili, hapana, Cliveden inashinda. Video ya Hartwell ndiyo inayofuata, washeni kengele.

Bei ya chumba hupanda na kushuka kwa siku, linganisheni Jumapili usiku na Ijumaa kabla ya kulipa. Ambaye mfuko haumruhusu asiache kuja: tiketi ya bustani ya National Trust inakufikisha kwenye baraza hili bila kulala hotelini. Treni ya reli ya Elizabeth (Elizabeth line) kutoka London inasimama kituo cha Taplow, kisha teksi. Vaeni viatu visivyoteleza, ngazi za kwenda mtoni huteleza mvua ikinyesha.