Tuisheni ya fizikia Chikongola: kama limiti za intigresheni zinakutesa, nenda pale

Wakuu habari zenu, mmekuwa mkiniuliza sana tuisheni gani hapa Mtwara mjini inafaa kwa mtoto wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), mi jibu langu ni ile ya barazani kule Chikongola, jina siweki maana ticha mwenyewe hataki pajae. Elfu tatu kwa kipindi cha saa mbili, unalipa ukiingia. Nampeleka dogo wangu yuko fomu siksi, na siku nyingine nakaa nyuma nasikiliza kwa sababu haya mambo niliyasoma chuo na bado nayapenda.

Nitasema kitu kimoja tu, topiki ya kutafuta chaji jumla, yaani chaji yote ya umeme iliyomo kwenye kitu. Kuintigreti kwenyewe (kujumlisha vipande vidogovidogo) madogo wanaweza, mpe r mraba anakupa r kyubu juu ya tatu huku anachati, shida iko kwenye zile limiti mbili, ya chini na ya juu, yaani unaanza kujumlisha wapi na unaishia wapi. Kuna sehemu nyingine hapa mjini wanawakaririsha "tufe ni sifuri mpaka R" (R ni nusukipenyo cha tufe), basi, swali likigeuzwa kidogo tu mtoto kaisha. Huyu ticha haandikishi limiti mpaka uchore kwanza, uchukue chaki ya rangi upake pale chaji ilipo, halafu uoneshe kwa kidole inaanzia wapi inaishia wapi. Siku ya tufe lenye uwazi ndani alikuja na nazi imepasuliwa, akasema chaji iko kwenye nyama tu, haya limiti ya chini ni ngapi, darasa zima sifuriii! Akatia kidole katikati kule kulikokuwa na maji, "hapa kuna nyama?" Kimya. Ndo wakaelewa unaanzia a, ukuta wa ndani, unaishia b, ukuta wa nje, na kila ganda jembamba unalojumlisha ni densiti (chaji kwa kila ujazo) mara 4πr²dr, ujazo wa ganda lenyewe.

Lakini lililonikosha zaidi ni la densiti inayopungua kadri unavyotoka katikati, ρ = ρ₀(1 − r/R), r ni umbali toka katikati na ρ₀ ni densiti ya pale katikati. Sifuri mpaka R unapata πρ₀R³/3, hiyo haina ubishi. Sasa swali likasema tafuta uga wa umeme mahali palipo umbali wa 2R toka katikati, dogo mmoja akapeleka limiti mpaka 2R kwa sababu uso wa Gauss (lile tufe la kufikirika unalochora kupita pale unapotafuta uga) uko pale. Ticha hakumkatisha, akamwacha amalize ubaoni mpaka mwisho, jibu likatoka −16πρ₀R³/3. Hasi! Tufe zima lina chaji chanya, hiyo hasi imetoka wapi? Dogo anamwangalia ticha, "ticha nimekosea wapi", "mwanangu, huko nje ya R nani kakuambia kuna chaji?" Fomula ukiivusha R inakuwa hasi yenyewe, ila kule hamna kitu, chaji imeishia R, kwa hiyo uso wa Gauss hata uupeleke Mikindani limiti inabaki R. Ukiwa ndani ya tufe ndo unaishia kwenye r yako.

Na wale wa mwaka wa kwanza chuo nao huwa wanakuja, wao wanakwama kwenye pembe. Wanaweka θ na φ zote sifuri mpaka 2π, sinθ inajiua yenyewe, chaji jumla inakuwa sifuri. Anawaambia φ tayari imezunguka duara zima, θ kazi yake ni kushuka toka ncha ya juu mpaka ya chini, π inatosha, ukizidisha unahesabu sehemu ileile tena kwa alama ya kinyume. Akaweka na rodi ya urefu L yenye λ = kx hapohapo (λ ni chaji kwa kila urefu, x ni umbali toka origini, pale unapoanzia kupima), origini ikiwa kwenye ncha unapata kL²/2, ikiwa katikati yaani −L/2 mpaka L/2 unapata sifuri, na hiyo sifuri ni halali kabisa kwa sababu upande mmoja ni hasi. Hizo ni rodi mbili tofauti, soma swali limeweka origini wapi. Napenda alivyowaonesha sifuri mbili siku moja, moja ya kweli na moja ya uzembe.

Sasa mabaya yake. Chaji inayotokana na mkondo, yaani unaintigreti mkondo I kwa muda t, kapita juu juu sana. Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) inayojimaliza, I₀e^(−t/RC), I₀ ni mkondo wa mwanzo, R hapa ni ukinzani na C ni uwezo wa kapasita, kaandika sifuri mpaka infiniti jibu I₀RC kafuta ubao, wakati pale ndo mtoto anajiuliza infiniti inakujaje kwenye kitu kinachokwisha fasta, angewaambia tu kwamba ukisubiri 5RC karibu asilimia 99.3 ya chaji ishatoka wangetulia. Halafu barazani wakati wa jua kali ni balaa, feni hamna, bodaboda zinapita, na picha za ubao anazotuma wasapu zina ukungu, herufi θ na 0 huwezi kuzitofautisha, kwenye topiki kama hii ni hatari.

Mtoto ambaye hata kuintigreti hajaanza msimpeleke bado, ataishia kupaka rangi tu, mtafutieni mtu wa hesabu kwanza. Wengine nendeni, ila muwahi, mabenchi ya mbele yanaisha mapema na ukikaa nyuma chaki ya njano haionekani kabisa.