Darubini ya 8×42 kwa kumtambua kunguru mkubwa: uzoefu wangu

Kiswahili kinawaita wote kunguru, na kwa macho matupu wote ni weusi tu. Darubini hii ya macho mawili, ya 8×42 (inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42), nimeitumia misimu minne, zaidi kwa kazi moja: kumtenga Corvus corax, kunguru mkubwa, na jamaa zake wenye umbo dogo, ninaowaita hapa kunguru wadogo, yaani Corvus corone wa Ulaya na Corvus brachyrhynchos wa Amerika ya Kaskazini. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwa sababu ya mstari wa zambarau, nitaueleza.

Wanunuzi wengi hukimbilia 10×42 wakiamini kwamba ndege akionekana mkubwa zaidi atatambulika haraka zaidi. Kwa kunguru sivyo. Ukubwa ndio dalili dhaifu kuliko zote: kunguru mkubwa mara nyingi huzidi kilo moja na mdogo huwa karibu nusu kilo, lakini akiwa peke yake angani hana cha kulinganishwa nacho. Kinachoamua ni mkia na namna anavyoruka, na vyote viwili vinataka umfuate ndege kwa muda bila kumpoteza. Darubini yangu inaonyesha upana wa mita 130 kwa umbali wa mita 1,000. Nyingi za 10× huishia karibu mita 110, na mtetemo wa mikono nao hukuzwa mara kumi. Kunguru aliye mita 400 anaonekana kama yuko mita 50. Panatosha kabisa kuuona mkia.

Mkia wa kunguru mkubwa una manyoya marefu katikati na mafupi pembeni, hivyo unachongoka kama kabari. Wa mdogo manyoya yake yanakaribiana urefu, na ukikunjuliwa mwisho wake ni wa mviringo kama upepeo. Shida ni kwamba ndege anayekwenda moja kwa moja hufumba mkia, na hapo wote wanafanana. Usiamue. Subiri akate kona, maana hapo ndipo anapoukunjua, kwa sekunde moja au mbili tu. Jihadhari pia na mwisho wa majira ya joto, wakati wa kubadili manyoya: kunguru mdogo ambaye manyoya ya pembeni hayajakua vizuri anaweza kuonyesha kabari ya uongo, na mkubwa aliyepoteza ya katikati akaonekana na mkia butu. Kwa kipindi hicho sikubali mkia bila ushahidi wa pili.

Ushahidi huo wa pili kwangu ni mruko. Mdogo hupiga mbawa mfululizo kama mpiga makasia asiyepumzika. Mkubwa huelea na upepo muda mrefu bila kupiga bawa, kichwa na shingo vikiwa vimechomoza mbele, na mara nyingine hujipindua mgongo chini kisha akajirudisha.

Sasa ule mstari. Ndege mweusi mbele ya wingu jeupe ni mtihani mgumu kwa lenzi yoyote, kwa sababu kioo hupinda kila rangi kwa kiasi chake, na rangi zisipokutana mahali pamoja, ukingo wa ndege hupata utepe wa zambarau au kijani. Katika darubini hii katikati ni safi, ila ukimwacha ndege asogee pembeni utepe unaula ukingo wa mkia, yaani kile kile unachokitafuta. Mweke katikati daima. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja, nunua kioo cha ED kinachopunguza utepe huo, usinunue ukuzaji zaidi. Jua nalo liwe mgongoni pako. Likiwa mbele, utaona kivuli cheusi tu, na ni afadhali kusubiri ndege ashuke mbele ya miti au kilima.

Akitua, tazama mdomo na koo. Mdomo wa mkubwa ni mnene, umejipinda kwa juu, na vinyweleo vya puani vinafunika karibu nusu yake. Kooni ana manyoya marefu yaliyochakaa kama ndevu, yanayosimama anapolia. Hapa ndipo darubini isiyorekebishwa vizuri inakuangusha. Sogeza mapipa yake mawili karibu au mbali mpaka uone duara moja. Vikombe vya macho vivute nje kama huvai miwani, virudishe ndani kama unavaa. Kisha ziba lenzi ya kulia, tazama kijiti kikavu kwa jicho la kushoto, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka kionekane wazi. Ziba ya kushoto, tazama kijiti kile kile, na uzungushe pete ya jicho la kulia mpaka kionekane wazi, bila kugusa gurudumu. Ukiruka hatua hii, ndevu hazionekani, na kichwa kitakuuma ndani ya nusu saa.

Pete hiyo ndiyo kasoro ya pili: imelegea mno, inazunguka yenyewe ndani ya mkoba. Nimeweka alama ya rangi nyeupe mahali pake, na huiangalia kila ninapoitoa. Uzito ni gramu 690, shingo inalalamika baada ya saa mbili, kwa hiyo mkanda mwembamba uliokuja nayo nimeubadilisha na wa kupita mabegani.

Kuna siku haitasaidia kitu, hasa kwenye ukungu, au kwenye joto linalofanya hewa ya mbali icheze kama maji. Ishushe usikilize: mdogo hulia «kwaa, kwaa» kwa sauti ya wazi, mkubwa hukoroma chini, «kroonk», kama sauti inatoka tumboni.