Nilitaka 85, nikanunua 50

Kwa miezi kadhaa nilishikwa na ugonjwa wa 85. Kila picha ya sura iliyonivutia, nikichungulia imepigwa kwa lenzi gani, nakuta milimita 85 (namba ikiwa kubwa, lenzi inamvuta mtu karibu zaidi). Mfuko ukakataa. Ndipo nikaanza kuitazama milimita 50 f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana), kile kilenzi chepesi ambacho karibu kila kampuni kubwa ya kamera inacho, tena kwa bei ya chini.

Kabla ya kununua nilifanya jaribio la bure. Zumu iliyokuja na kamera, ile 18-55 inayogeuka kutoka milimita 18 hadi 55, niliiweka kwenye 50 nikaizungushia selotepu isigeuke, nikapiga hivyo hivyo wiki nzima. Nikaona kwamba kupata kichwa na mabega nasimama kama mita moja na nusu kutoka kwa mtu. Umbali huo unaipendeza sura. Ukimsogelea sana, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma, hata uwe na lenzi ya bei gani. Kamera yangu ni ya sensa (kibamba kinachopokea picha) ndogo ya APS-C, Canon, ambayo unazidisha milimita kwa 1.6 ili kulinganisha na fremu kamili, yaani kamera yenye sensa kubwa zaidi (Nikon, Sony na Fujifilm ni 1.5), kwa hiyo 50 kwangu inaona kama 80. Ile 85 niliyokuwa naililia ingekuwa 136. Chumbani ningepiga picha kisogo kimegota ukutani.

Basi umbali nilikuwa nao tayari. Nilichokosa ni mwanga. Zumu ile ikifika 50 haifungui zaidi ya f/5.6, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Jioni ya kwanza nilimweka dada yangu dirishani, nikapiga kwa ISO 400 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga; ukiupandisha, picha inajaa chembe) mahali ambapo zumu ingenidai 4000. Nikajiona nimefika. Kuikuza kwenye kompyuta, kope za jicho la kushoto unazihesabu moja moja, la kulia limezama kwenye ukungu. Alikuwa amegeuza shingo kidogo tu! Nilikuwa nimemsogelea hadi mita 1, na hapo f/1.8 inakuachia kina cha sehemu inayotoka kali kisichofika sentimita 3. (Mwenyewe kaipenda hiyo hiyo, kaiweka kwenye wasifu wake. Nimenyamaza.)

Sasa naanzia f/2.8, nukta ya fokasi juu ya jicho lililo karibu nami, na ninamsogeza mtu mbali na ukuta ili nyuma kuyeyuke. 1.8 naiwekea giza. Kasoro nyingine nimezizoea: nywele zikiwa mbele ya anga jeupe zinaota ukingo wa zambarau, na ukirekodi video mota ya fokasi inasikika.

Yangu niliinunua ikiwa imetumika. Ya kwanza kuonyeshwa ilimetameta kwa nje, lakini nilipoimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma nikaona nyuzi nyembamba ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, nikairudisha. Ya pili ilikuwa imekwaruzika ganda, kioo safi, na fokasi ilishika bila kusitasita. Nikaichukua.

Mwenye kamera ya fremu kamili asinifuate. Kwako 50 itakulazimisha kumsogelea mtu hadi pua ilalamike. Wewe ngojea hiyo 85 f/1.8, hata iliyotumika.